Pete Iliyofunguka Mara Mbili

Kapteni wa jeshi alihitaji saini ya Hidaya Shaabani, basi. Kosa lake ni kwamba alimpa na karatasi asome.

Hidaya alikuwa OPJ, yaani ofisa wa polisi anayepeleleza kesi za raia, na mjini Kalemie kila aliyefanya naye kazi alijua kwamba hatii saini kitu ambacho hajakisoma hadi mwisho. Jumanne hiyo, saa nne asubuhi, aliketi kwenye benchi la mlinzi langoni mwa depo ya Kahinda, faili mapajani, kalamu bado ina kifuniko. Saa kumi jioni ndege ya jeshi ingeondoka kwenda Lubumbashi, na fundi Ilunga angekuwa ndani, mikono imefungwa pingu, akashtakiwe kwa kuwasaidia wanamgambo. Ulikuwa mwaka 2017. Vita vilikuwa vimeuzungushia mji kambi za wakimbizi, hasira zilikuwa juu, na Mluba kama Ilunga, mtu wa kabila lililokuwa upande mmoja wa vita hivyo, akipandishwa ndege kwa shtaka lile hakuwa na wa kumtetea huko aendako. Hidaya alilijua hilo. Kapteni naye alilijua.

Kesi yenyewe ilitosha mistari michache. Jumapili asubuhi, katoni thelathini na mbili za dawa ya malaria zilizowekewa watoto wa kambini ziliibwa kutoka ghala la depo, ukingoni mwa ziwa. Komeo la mlango wa nyuma lilivunjwa, pirogi, yaani mtumbwi, yenye injini ikapakia gatini, ikaondoka. Hakuna aliyeona, kwa sababu kamera ya ghala na kamera ya gati zilizima kwa dakika ishirini na mbili. Ilunga, fundi wa mitambo, hakubisha. Maelezo yake yalikuwa na sentensi mbili: "Nilivuta waya wa langoni. Ni jaribio la kila siku ya Mungu." Yaani kila Jumapili.

Karatasi ya mwisho ilitoka kwenye mtambo wenyewe wa kamera, na shefu wa depo, yaani mkuu wake, alikuwa ameizungushia mistari miwili kwa wino mwekundu. Saa 08:31, waya kati ya pampu na gati umekufa. Saa 08:38, waya kati ya lango na ghala umekufa. Chini yake kulikuwa na mistari mingine miwili ambayo hakuna aliyeizungushia kitu: saa 09:00 waya wa langoni umerudi, saa 09:04 waya wa pampu umerudi.

Hidaya aliiangalia ile mistari miwili ya chini kwa muda mrefu. Kisha akamwomba mlinzi daftari la funguo.

Mlinzi, Papa Siméon, alikuwa mzee mfupi aliyeandika kila kitu kwa herufi kubwa. Kila chumba cha depo kilikuwa na ufunguo mmoja tu, nao ulitundikwa kwenye kibanda chake. Ukichukua unaandikwa, ukirudisha unaandikwa. Jumapili, ufunguo wa nyumba ya pampu ulichukuliwa na Ilunga saa mbili na dakika ishirini, kukagua betri, ukarudishwa saa mbili na dakika thelathini na nne. Saa tatu na robo ukachukuliwa na Jacob, mwendesha pampu. Akaurudisha saa nne na dakika kumi.

Hapo Hidaya alimwelewa kapteni. Saa mbili na thelathini na moja waya wa pampu unakufa, na Ilunga yumo ndani ya nyumba ya pampu. Dakika saba baadaye waya wa langoni unakufa, na Ilunga ameshatoka, yuko langoni. Ilifungana vizuri mno, na vitu vinavyofungana vizuri namna hiyo humkera Hidaya.

"Papa Siméon," alisema, "ulimuona Ilunga akifungua kisanduku hiki cha hapa langoni?"

"Nilimuona, mama. Hata kapteni nilimuambia."

"Kapteni alikuuliza ilikuwa saa ngapi?"

"Aliniuliza kama nilimuona. Nikasema ndiyo. Akaandika, akaenda."

"Mimi nakuuliza saa."

Mzee alikuna kidevu. "Saa siyui, mama, sina saa ya mukono. Kwa daftari naangalia ile ya ukutani. Lakini shefu Adalbert alikuwa ameisha kupita kwenda misa ya saa tatu. Ilunga alikuja nyuma. Tukakunywa chai hapa, mimi na yeye. Ilikuwa moto sana, tukakaa. Kisha njo akafungua kisanduku."

"Una hakika chai ilikuwa mbele ya kufungua?"

"Mbele. Alikamata waya na mukate ukiwa bado kinywani."

Hidaya alifunga daftari, akalichukua. Mzee alitaka kupinga, akaona uso wake, akaacha.

Biro ya depo, yaani ofisi, ilikuwa na ukuta mmoja wa skrini, na mbele yake aliketi Mama Julie, mwandishi wa biro, mwanamke mwenye miwani minene. Shefu Adalbert alisimama dirishani, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono. Hakupenda polisi warudi.

"Mama OPJ, kesi imeisha," alisema. "Mashine haina kabila. Imeandika saa mbili na dakika makumi tatu na moja, na Ilunga alikuwa mule. Mimi sikumuonea."

"Sijasema umemuonea. Nataka mtu anieleze mashine."

Adalbert alitazama dirishani. Ni Julie aliyesimama, akachukua kalamu na kuchora ubaoni duara lenye visanduku vitano: biro, lango, ghala, gati, pampu, halafu biro tena.

"Hivi visanduku njo mafundi wanaita swichi," alisema. "Vinapitisha picha za kamera. Vimefungwa pete, kila kimoja na jirani yake. Hiki cha hapa biro njo mukubwa. Kila wakati, haraka kuliko kufumba macho, anatuma kaujumbe kadogo kanazunguka: lango, ghala, gati, pampu, kanarudia kwa mulango wake wa pili. Ni kama muntu anapiga hodi mulango wa mbele, kisha anakimbia kusikia kwa mulango wa nyuma. Kakirudi, anajua pete ni nzima."

"Na picha zenyewe zinapita mlango gani?"

"Wa kwanza tu. Ule wa pili anaufungia picha, sababu zikiachiwa zizunguke bila mwisho zinajaa, kila kitu kinasimama. Sasa kaujumbe kakikosa kurudi, anajua kuna fasi ya waya imekatika. Anafungua mulango wa pili palepale, picha zinapita upande mwingine. Wewe hapa utaona tu skrini inashituka, basi."

"Lakini karatasi hii imejua hata ni waya gani. Mkuu amejuaje, kama anachojua ni kwamba ujumbe haukurudi?"

Julie aliinua kichwa. Alionekana kufurahi kuulizwa.

"Jirani njo anasema. Kisanduku kilicho karibu na waya uliokufa kinaona hakuna mwanga tena kwa mulango ule. Kinamutumia mukubwa habari: mulango wangu fulani umekufa. Mukubwa anaandika, na saa."

"Kwa hiyo waya mmoja ukikatika, hakuna kamera inayozima."

"Hata moja. Zinatakiwa mbili. Kata pampu na gati, kisha kata lango na ghala, njo ghala na gati zinabaki peke yao. Ilunga alikuwa anatuonyesha kila siku ya Mungu, depo ikiwa haina kazi. Anavuta waya moja, anatembea mupaka huku kuangalia skrini, anarudi kuurudisha. Alikuwa anatuita wote tuone. Anajisifu nayo kama ni yeye aliizaa."

"Wote ni nani?"

"Mimi, shefu, Papa Siméon, Jacob wa pampu. Hata mama wa kufagia."

Hidaya aliandika. Kutoka biro mpaka lango kulikuwa mwendo mzuri, kurudi vilevile. Mtu aliyeijua tabia ya Ilunga alijua pia kwamba waya wake utakaa nje dakika ishirini hivi kila Jumapili. Alichotakiwa kufanya ni kukata upande wa pili kabla yake, na mkono wa Ilunga ungemalizia kazi. Wazo hilo lilimchoma. Lilikuwa wazo la mtu wa ndani.

"Shefu," alisema, "nyumba ya pampu ina ufunguo mwingine?"

"Hapana. Moja tu."

"Basi nieleze. Karatasi inasema waya wa pampu ulirudishwa saa tatu na dakika nne. Daftari linasema saa hiyo ufunguo ulikuwa umetundikwa langoni. Ilunga alishaurudisha, Jacob alikuwa bado hajauchukua. Nani aliingia?"

"Ilunga alikuwa na mwenzake."

"Alipita ukutani?"

Hidaya akaendelea. "Jumapili ulipita langoni saa ngapi ukienda misa?"

"Saa tatu kasoro dakika kumi. Nilikuwa na somo la kusoma, watu mia tatu waliniona."

"Kisanduku cha langoni kilikuwa wazi?"

"Kilikuwa kimefungwa."

"Waya ulikuwa unaning'inia nje?"

"Nimesema kilikuwa kimefungwa! Ningeona."

"Mashine yako inasema waya ule ulitolewa saa mbili na thelathini na nane, ukarudi saa tatu kamili. Wewe ulipita katikati. Ama wewe hukuona, ama mashine haikuona."

Adalbert alikuwa na kiburi, lakini mwongo hakuwa, na Hidaya alimwona akihesabu dakika zake mwenyewe kichwani. "Papa Siméon alishazeeka, anachanganya saa kwenye daftari," alisema mwishowe kwa sauti ndogo. "Mashine haichanganyi."

"Tuiulize, basi."

Hidaya alirudi langoni kwa miguu, simu sikioni, Julie upande wa pili. Kisanduku kilikuwa cha bati, ndani yake swichi yenye taa ndogo za kijani na nyaya mbili nyembamba za manjano, zile zinazopitisha mwanga badala ya umeme. Ilunga alikuwa amefunga karatasi kwenye kila waya na kuandika unakoenda. Papa Siméon alishika mlango wa kisanduku usipigwe na upepo wa ziwa. Hidaya alitazama saa yake. Saa sita kasoro dakika kumi. Alishika waya ulioandikwa GHALA, akabonyeza ulimi wa plastiki kwenye kichwa chake, akauvuta. Taa moja ya kijani ikazima.

"Skrini?" aliuliza.

"Imeshituka, imerudi. Picha zote ziko. Pete imefanya kazi yake."

"Sasa nisomee mashine imeandika nini. Polepole, na saa."

Alisikia Julie akimwita shefu, na viatu vya shefu sakafuni.

"Mama," Julie alisema, "imeandika waya kati ya lango na ghala umekufa. Lakini imeandika saa tano kasoro dakika kumi."

"Tazama saa ya simu yako."

"Saa sita kasoro dakika kumi. Imepungua saa moja. Saa moja kamili, hata dakika haikupotea."

"Mashine mubovu," sauti ya Adalbert ilisikika nyuma.

"Haiko mubovu, shefu," Julie alisema. "Iko na saa ya Kinshasa."

Hakuna mtu wa mashariki asiyelijua jambo hilo. Kalemie iko mbele ya mji mkuu kwa saa moja. Julie mwenyewe kila asubuhi saa tatu alipiga simu makao makuu ya kampuni, na kila asubuhi aliambiwa amewahi, huko bado ni saa mbili. Mafundi waliofunga pete walikuja kutoka Kinshasa, wakaipa saa ya kwao, wakapanda ndege wakarudi. Kwa kuwa pete haikuwahi kuwaangusha, hakuna mwingine aliyeisoma kumbukumbu ile ila Ilunga. Jumapili jioni Adalbert aliitoa kwenye karatasi kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaisoma kwa saa ya ukutani. Kapteni akaisoma hivyohivyo. Ilunga, aliyejua, alikuwa katika seli ya jeshi na hakuonyeshwa karatasi.

Hidaya alirudisha waya, akangoja taa iwake, akarudi biro akiwa anatweta.

"Swali moja," alimwambia Julie. "Kuna anayeweza kuwa ameibadilisha saa ya mashine kati ya Jumapili na leo?"

"Inatakiwa neno la siri. Analo Ilunga peke yake, na Ilunga amefungwa."

"Vizuri. Ongeza saa moja kwenye mistari yote minne."

Julie aliandika ubaoni. Waya wa pampu ulikufa saa tatu na dakika thelathini na moja, wakati Ilunga alikuwa kwenye benchi la Papa Siméon akipuliza chai. Waya wa langoni, saa tatu na thelathini na nane. Ulirudi saa nne kamili. Wa pampu ukarudi saa nne na dakika nne, na hapo ufunguo ulikuwa mikononi mwa mtu mmoja tangu saa tatu na robo.

"Jacob," Adalbert alisema. Aliketi. "Mungu wangu, mimi njo niliandika jina la Ilunga. Kwa mukono wangu."

Hidaya alikuwa na hasira naye, na hakuificha. "Utaandika tena. Utaandika kwamba ulipita langoni saa tatu kasoro kumi na kisanduku kilikuwa kimefungwa. Halafu unatia saini hapa, na Mama Julie hapa, na Papa Siméon. Nina muda wa saa nne tu."

Nyumba ya pampu ilikuwa ya matofali, imejengwa kwa simenti ya Kabimba, na dirisha lake moja lilitazama gati moja kwa moja. Jacob alikuwa ndani, mtu mwembamba wa makamo, mikono myeusi kwa grisi. Alipomwona Hidaya na polisi wawili nyuma yake, alifuta mikono na kutoa karatasi mfukoni kabla hajasalimiwa.

"Mama OPJ, mimi siku ya Mungu saa mbili na nusu nilikuwa posti ya bandari. Nilikuwa naandikisha pirogi ya mudogo wangu. Karatasi njo hii, na kashe iko juu. Watu kumi waliniona."

Hidaya aliipokea, akaisoma yote, mpaka muhuri. Ilikuwa ya kweli. Mtu huyu alikuwa amesikia mjini saa ambayo kila mtu aliitaja, akarudi bandarini kuiombea karatasi yenye muhuri, na hakuna aliyekuwa amemwomba.

"Hii ya saa mbili na nusu naiamini," alisema. "Niambie ya saa tatu na nusu."

Mikono ya Jacob ilisimama ndani ya kitambaa. "Nilikuwa hapa. Nilikuja kuwasha pampu."

"Iliwaka muda gani?"

"Karibu saa moja nzima."

Daftari la pampu lilining'inia kwenye msumari. Jacob aliandika humo kila jioni na kila asubuhi ya siku ya kazi namba ya mita inayohesabu muda pampu inavyozunguka. Hidaya alilifungua. Namba ya Jumamosi jioni na namba ya Jumatatu asubuhi zilikuwa moja, kwa mwandiko wa Jacob mwenyewe.

"Haikuwaka hata dakika."

"Mazutu yaliisha."

"Basi ulikaa humu karibu saa nzima, bila mafuta, mlango umefungwa. Ulikuwa unafanya nini?"

Hidaya alikwenda kwenye kisanduku cha ukutani, akampigia Julie, akaweka simu sauti juu. Akavuta waya ulioandikwa GATI.

"Soma, Mama Julie."

"Pampu, mulango wa pili, hakuna mwanga. Waya kati ya pampu na gati umekufa."

"Na mstari wa kwanza wa Jumapili?"

"Maneno ni yaleyale, mama. Saa njo inabadilika tu."

Hidaya alirudisha waya. Alimgeukia Jacob na karatasi ya bandari bado mkononi.

"Pirogi hii ni ya mdogo wako. Kwa nini wewe ndiye uliyeiandikisha? Mwenyewe yuko wapi?"

Hakutegemea swali lile limvunje, lakini ndilo lililomvunja. Jacob aliketi juu ya bomba la pampu, akaziba uso kwa kitambaa kile cha grisi.

"Walimushika," alisema. "Leo ni wiki mbili. Alienda kuvua upande wa kaskazini, watu wenye bunduki wakamushika. Walinitumia neno: dawa, ao tumutupe ndani ya maji."

"Ni wao waliokuambia uzime kamera?"

"Hapana. Hiyo niliifikiri mimi. Nilijua Ilunga atavuta. Yeye hakosi. Alinionyesha mwenyewe, hapa hapa, moja haiui, mbili zinaua. Nilifikiri watasema mashine imeharibika. Sikujua watamushika yeye, mama. Naapa."

"Ulijua Jumapili jioni. Leo ni Jumanne, na Ilunga anapandishwa ndege. Ukaenda kutafuta kashe."

Hidaya alimhurumia kwa ajili ya mdogo wake, na hapohapo alitamani kumzaba kofi. Alifanya kazi yake tu. Aliandika maelezo neno kwa neno, akamsomea, Jacob akatia saini. Alipomuuliza pirogi ilielekea wapi na walikubaliana kumrudisha mdogo wake wapi, Jacob alitikisa kichwa. Akisema, watamuua. Aliulizwa mara tano, akatikisa kichwa mara tano.

Ilikuwa saa tisa kasoro robo. Polisi mmoja alibaki na Jacob kumpeleka posti ya polisi. Mwingine akawasha jipu.

Uwanjani ndege ilikuwa tayari inapakiwa. Nje ya waya wa uzio, chini kwenye mchanga, aliketi Élisabeth, mke wa Ilunga, ambaye alikuwa pale tangu alfajiri kwa sababu hakuna aliyemwambia ndege inaondoka saa ngapi. Alisimama alipoona jipu la polisi. Hidaya hakumwambia kitu. Hakutaka kumpa matumaini ambayo hana bado.

Kapteni alisoma karatasi zote akiwa amesimama. Alikuwa mtu makini kwa namna yake, na alipofika kwenye jaribio la saa sita kasoro kumi alilirudia mara mbili.

"Asubuhi mashine hii ilikuwa ushahidi wangu," alisema. "Sasa imekuwa wako."

"Ni ileile, kapteni. Tangu mwanzo ilisema kweli. Sisi ndio tuliisoma vibaya."

Kapteni alikunja midomo. "Basi nipe huyo Jacob. Lubumbashi wananingojea na mfungwa. Nafasi ipo."

"Jacob ni raia, ameiba mali ya kampuni, hajashika bunduki. Faili ni langu. Na yeye peke yake anajua dawa zilikwenda wapi. Ukimpandisha ndege, mdogo wake atakufa ziwani, na zile katoni tuzisahau. Kambini wanazika watoto kila siku."

"Na kama hasemi?"

"Wiki ijayo utarudi na ndege hii. Kama sina kitu, nitapanda mimi, nikawaeleze wakubwa wako kwa nini nilikataa. Niandikie, natia saini."

Kapteni alimtazama kuona kama anatania. Kisha akaandika, kwa hasira, mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Hidaya alisoma kila mstari, moja kwa moja hadi mwisho, wakati injini za ndege zinaanza kunguruma. Ndipo akatia saini.

Ilunga alitolewa nyuma ya lori la jeshi. Alikuwa mrefu kuliko Hidaya alivyofikiri, jicho moja limevimba. Pingu zilipofunguliwa hakusugua mikono kama wengi wafanyavyo. Élisabeth alimfikia kabla ya mtu yeyote, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akalia kwa sauti bila aibu, na askari wakageuka kando.

"Ni nani?" Ilunga aliuliza baadaye, juu ya bega la mkewe.

"Jacob," Hidaya alisema. "Wanamgambo wamemshika mdogo wake."

Ilunga aliinua kichwa. "Njo maana skrini mbili zilikuwa nyeusi," alisema. "Alijua nitavuta."

"Alijua."

"Mimi njo nilimufundisha." Alitazama mikono yake. "Andika, mama, kwamba nilivuta mimi. Hiyo ni kweli. Sitaki mutu aseme kuliandikwa uongo juu yangu, hata uongo wa kunisaidia."

"Imeandikwa."

"Mudogo wake iko muzima?"

"Sijui. Jacob hataki kusema watakutana nao wapi. Anaogopa kuniambia."

"Kwangu atasema," Ilunga alisema. "Nipeleke."

Élisabeth alimwachia. "Muntu yule alikutuma ufe!" alisema. "Siku mbili alikuwa anakula, analala, wewe uko unapigwa! Unaenda kumufanyia nini?"

"Nitamushitaki. Nitamushitaki kesho, mbele ya mama huyu. Leo mutoto wa watu angali ziwani."

Ndege ilikuwa inageuka mwisho wa njia yake, vumbi likawajia. Élisabeth alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, akamtazama mumewe mpaka Hidaya akaona haya kuwa pale.

"Enda," alisema. "Na mimi nakuja."

Hidaya alitaka kumkatalia. Mke wa shahidi hana kazi posti ya polisi, na asubuhi hiyohiyo angelisema hivyo kwa mtu yeyote. Badala yake akafungua mlango wa nyuma wa jipu, akasogeza faili, wakapanda wote wawili.